Nusu Saa ya Kwenda Bungoma

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula nzige. Tuliwala wa kukaanga, tukawala wa kuchemsha, tukawaanika juu ya paa na kuwasaga tukawakoroga ndani ya uji. Kuku nao waliwala mpaka mayai yakanuka nzige, na ukimchinja kuku huyo umekula nzige mara ya pili. Walimaliza mahindi yetu, sisi tukawamaliza wao, na hakuna aliyeshiba, wao wala sisi. Kwa hiyo mtu akikuuliza nilipanda ndege mwaka gani, usihangaike na tarakimu. Mwambie mwaka ule.

Nilikuwa naishi katika shamba la mzungu upande wa Kachibora, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kitale. Nilikuwa mjane. Mume wangu Khaemba alichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita vya Wajerumani, hakurudi, wala hakuletwa. Hana kaburi. Ana jina tu. Aliniachia watoto wawili: Nekesa, aliyeolewa na fundi wa mitambo wa shamba lilelile, na Yohana, aliyekuwa akifanya kazi ya reli pale Bungoma.

Siku ya Alhamisi jioni mtu wa treni akaniletea habari. Akasema, "Mama Yohana, Rispa, mke wa mwanao, amejifungua mvulana. Leo siku ya nne."

Nikapiga vigelegele mpaka mbwa wakajibu. Kisha yule mtu akakohoa kidogo.

"Lakini mama yake Rispa anasema mtoto ataitwa Wasike."

Vigelegele vikanikwama. Sisi Wabukusu mtoto wa kiume akizaliwa wakati wa nzige huitwa Wasike. Si jina baya. Lakini mwaka ule kila mvulana alikuwa Wasike. Ungesimama sokoni uite Wasike, migongo ya wanawake arobaini ingelia. Mimi nilimngojea mjukuu huyu wa kiume miaka na miaka ili Khaemba apate pa kukaa, halafu ati mtoto apewe jina la mdudu niliyemkaanga kwa chumvi!

Nikauliza, "Kitovu kimeanguka?"

"Walisema bado. Kimekauka, lakini bado."

Kwa ukoo wetu, kabla kitovu hakijaanguka jina laweza kuondolewa na kuwekwa lingine. Kikishaanguka, basi, limefungwa kama fundo la kamba lililonyeshewa. Kwa miguu kutoka kwangu hadi Bungoma ni siku mbili, tatu mto ukijaa. Treni ilikuwa inazunguka huko Leseru kwanza kama mtu aliyesahau kitu, na iliyofuata ilikuwa Jumatatu. Nikajua nimeshindwa.

Ijumaa alfajiri nilikuwa nimefunga kikapu niende kwa miguu hivyohivyo, nishindwe nikiwa njiani. Hapo Nekesa akaja mbio. Mzungu wetu, ambaye tulimwita Bwana Filimbi kwa sababu alipiga mluzi hata akila, alikuwa na ndege. Ndogo, ya rangi ya maziwa, imefungwa vioo pande zote kama kabati la sahani. Alikuwa ameshindana na jirani yake kwa sanduku la wiski, kwamba ataondoka uwanja wa Kitale saa mbili asubuhi, atue Bungoma, na arudi Kitale kabla ya saa nne, akiwa amebeba watu wazima wawili. Wa kwanza alikuwa fundi wake, kwa sababu lazima mtu azungushe ile panga ya mbele kwa mkono ndipo injini iwake. Wa pili alikuwa mpishi. Lakini mpishi, alipoiona ndege imefunguliwa mlango, alikumbuka kwamba ana kuhara.

Nikamwambia Nekesa, "Nipeleke kwa Bwana."

Saa moja asubuhi tulikuwa pale uwanjani, kwa lori la Bwana. Uwanja wenyewe ni malisho tu, wamepaka mawe chokaa na kutundika soksi kubwa juu ya mti ili kuona upepo unaenda wapi. Bwana Filimbi akanitazama juu mpaka chini, kisha akanipandisha kwenye mizani ya mahindi.

Karani akasoma: ratili mia mbili kamili.

Gunia moja! Si kasoro, si zaidi. Wanawake wote walioletwa kufukuza ng'ombe uwanjani walishangilia. Mimi nilikaa juu ya mizani hiyo zaidi kidogo ya ilivyohitajika.

"Mama mzuri sana," Bwana akasema. "Wewe hapana ogopa. Bungoma iko maili arobaini na kidogo kwa hewa. Nusu saa tu."

"Nusu saa ni kiasi gani?"

Akafikiri. "Mama naweka maharagwe kwa moto. Mama narudi kutazama. Bado."

Hapo nikaelewa. Maharagwe bado. Bungoma kabla ya maharagwe!

Halafu akaja yule fundi, na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu fundi ndiye mume wa Nekesa. Jina lake silitaji hata leo. Ni mkwe wangu, na mkwe hatazamani uso na mama mkwe wake, hampi mkono, hali naye, haketi naye pamoja. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Tuliishi shamba moja miaka sita na sikuwahi kuona meno yake. Aliponiona karibu na ndege, akageuka nyuma palepale, akajificha nyuma ya gurudumu la lori.

Bwana akauliza nini hii. Karani akamweleza. Bwana akaelezwa mara ya pili. Akasema, "Basi akikutana na mama, aingie kichaka."

Nikamjibu, "Bwana, huko juu kuna kichaka?"

Alitazama juu kabisa, kana kwamba anahakikisha.

Saa mbili kasoro robo bado tulikuwa tunatafuta njia. Karani alisema mkwe avae gunia kichwani. Mkwe, kutoka nyuma ya lori, alisema ni sawa lakini hataona panga ya ndege na itamkata kichwa. Mpishi, ambaye kuhara kwake kulikuwa kumepona ghafla, alishauri mimi ndiye nivae gunia. Nikamwambia avae mama yake. Mwisho tukafanya hivi: mimi niingie kwanza, nikae kiti cha nyuma, blanketi litundikwe kwa misumari kati ya viti, mkwe awashe injini, aingie wa mwisho, akae mbele ya blanketi karibu na mlango. Bwana aliona misumari ikipigiliwa ndani ya ndege yake, akaacha kupiga mluzi.

Saa mbili kamili tuliondoka. Ndege ilikimbia kwenye nyasi ikirukaruka kama ndama aliyefunguliwa, kisha ikaacha kuruka, na tumbo langu likabaki Kitale.

Nitasema nilichokiona, maana wengi wananiuliza. Mlima Elgoni ulikuwa mkono wa kulia, umekaa palepale kama mzee asiyejali wageni. Mto Nzoia ulikuwa upande wa kushoto, mwembamba kama uzi wa kushonea gunia. Kiminini nilipita nikiwa nameza mate. Mashamba yote yalikuwa ya kahawia, yamelambwa, hakuna jani. Ungedhani nchi nzima imenyolewa kwa ajili ya matanga. Hapo ndipo nilipowachukia nzige kikweli. Chini, mtu humchukia nzige mmojammoja.

Karibu na Kamukuywa tumbo langu lilitufikia. Nikajua nitatapika. Mkebe wa kutapikia alikuwa nao mkwe, mbele ya blanketi. Mkono wake hauwezi kupokea mkono wangu. Nikapaza sauti, "Bwana! Mwambie huyo mtu naomba mkebe!"

Bwana akasema, "Mkebe iko hapo hapo, kando yako, chukua kwake!"

"Haiwezekani!"

Mkwe naye akapaza sauti, akitazama dirishani, "Bwana, mwambie mayi, huyo mama, kwamba mkebe upo, ila siwezi kumpa!"

Basi mkwe akampa Bwana mkebe, na Bwana akaacha usukani kwa mkono mmoja, akapinda mwili, akapitisha mkebe juu ya blanketi. Ndege ikalala ubavu. Tukaona ng'ombe wa watu wa Kimilili kwa dirisha la juu. Nilipomaliza, mkebe lazima urudi, kwa njia ileile. Sitasimulia. Nusu saa ya Bwana Filimbi nilikuwa nimeiona kama saa moja na nusu, lakini tulipotua Bungoma, karibu na reli, alinionyesha saa yake. Saa mbili na nusu. Maharagwe bado.

Ndege iliposimama, mkwe aliruka nje na kukimbia. Hakukimbia kidogo. Alivuka reli, akavuka shamba la mihogo, akaingia katika kichaka cha miiba, na hapo akatulia, maskini, akiwa mtu mwenye adabu zake zote.

Nilishuka kinyumenyume. Bungoma nzima ilikuwa pale: watu wa reli, watu wa soko, watoto wa misheni na mwalimu wao. Na mbele ya wote, kwa kitambaa chake cheupe cha Jumapili, alisimama Mama Rispa, mama wa mke wa mwanangu, amempakata mjukuu wangu.

"Ai, Mama Yohana! Umeshuka mbinguni? Si ungetuambia tukutandikie mkeka?"

"Mtoto ana jina?"

"Anaitwa Wasike."

"Kitovu kimeanguka?"

Akachungulia ndani ya nguo za mtoto. "Bado kimeshika kidogo."

"Basi hana jina. Mlete."

Mama Rispa ni mwanamke aliyewahi kupanda treni mpaka Kisumu, na hakuna aliyekutana naye bila kuambiwa. Hakuleta. Alisimama na mtoto, na mtoto, aliyeshtushwa na injini, akaanza kulia. Kwetu mtoto akilia hivyo huitwa majina, na lile linalomnyamazisha ndilo lake. Mama Rispa akamwinamia, "Wasike! Wasike wee!" Mtoto akalia zaidi. Mimi nikaita, "Khaemba! Baba, Khaemba!" Nitasema ukweli: alilia zaidi pia. Tukaita kwa zamu, sauti juu, Wasike, Khaemba, Wasike, Khaemba, mpaka mwalimu wa misheni akawaondoa watoto wake.

Bwana Filimbi hakuwa na habari. Alikuwa anatazama saa yake na kule kichakani, na kwa wasiwasi akaanza mluzi wake. Mtoto akanyamaza. Jii. Akafumbua macho.

Mzee mmoja wa reli akasema, "Haya. Mtoto amechagua mzungu."

Mama Rispa na mimi tulitazamana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tulikuwa na wazo moja. Ati mjukuu wetu aitwe Filimbi!

Lakini mimi niliwahi kufikiri kwanza. Nikamsogelea mtoto, nikaweka mdomo kwenye sikio lake dogo lenye joto, na wakati huo wa ukimya nikamwambia: "Khaemba." Akapiga mwayo.

"Amesikia," nikawaambia watu. "Mzungu amefungua mlango tu. Aliyeingia ni Khaemba."

Wengine wakasema ni kweli. Mama Rispa akasema ni wizi. "Kitovu bado, Mama Yohana! Leo jioni nitamwita upya. Na kesho. Wewe utarudi Kitale, mimi ndiye niko hapa."

Maneno hayo yaliniingia, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Bwana naye akaja mbio. "Mama! Haraka! Saa tatu na robo sasa! Ingia ndani, niite fundi!"

Fundi alikuwa ameonekana mara mbili akitoa kichwa kichakani, ananiona mimi nimesimama karibu na ndege, anarudi. Mradi mimi nipo pale, haji. Asipokuja, panga haizunguki. Nikiingia mimi, nirudi Kitale, na jioni mtoto aitwe mdudu. Nisipoingia, Bwana hana gunia la pili na wiski imekwenda.

Nikamgeukia Mama Rispa, nikampima kwa macho. Alikuwa mfupi kuliko mimi, lakini mpana. Gunia, labda na kibaba juu.

"Wewe huwezi kupanda hiyo," nikamwambia kwa huruma.

"Nani hawezi?"

"Hapana, usijisumbue. Treni ni treni. Iko chini, inashika chuma. Hii inataka moyo."

"Mama Yohana, mimi nimefika Kisumu!"

"Kisumu ndiyo. Lakini nimesikia watu wako wanasema utaogopa."

Hakuna mtu aliyesema. Mama Rispa akatazama ule umati, na umati ukamtazama. Nikamwambia Bwana, "Huyu hapa. Uzito ni ule ule, na yule fundi kwake si mkwe, ni mtu tu." Bwana hakuuliza swali. Alimshika mkono akamwingiza.

"Ni mbali?" Mama Rispa akauliza akiwa ndani, sauti imeshuka.

"Nusu saa tu," nikamjibu. Nayo ni kweli tupu. Hakuniuliza habari ya kurudi.

Akanikabidhi mtoto dirishani, kwa sababu mtoto hawezi kwenda. Nikafunga kanga, nikageuka, nikaenda zangu upande wa nyumba ya Yohana bila kutazama nyuma, na nikasikia miguu ya mkwe wangu ikija mbio kutoka kichakani. Saa tatu na nusu haijatimia, ndege ikapita juu ya kichwa changu. Mtoto alitazama juu. Nikamwambia, "Huyo ni nyanya yako, Khaemba. Anapenda kusafiri."

Jumamosi, kwa nyumba ya Yohana, nilimwita Khaemba akinyonya, nikamwita akioga. Rispa alikuwa amechoka, akasema yeye anataka kulala tu, tumwite tunavyotaka. Yohana alimwita mara moja kwa sauti, jina la baba yake, kisha akatoka nje na kukaa huko kwa muda. Nilimsikia akilia, sikumfuata. Jumapili asubuhi, nikimbadilisha nguo, kitovu kilikuwa kimelala kwenye kitambaa kama punje ya mtama. Nikakifukia nyuma ya nyumba mwenyewe.

Jumapili jioni Mama Rispa akafika, kwa miguu kutoka Kitale, kitambaa chake cha Jumapili kimekuwa cha rangi ya barabara. Nyayo zake zilikuwa zimevimba kama viazi. Alikunywa maji vibuyu viwili ndipo akaweza kusema.

"Bwana alishinda wiski yake, hakutaka kunirudisha. Akasema mashindano yamekwisha!" Kisha akaongeza, "Na yule jirani yake alisema amedanganywa, ati mwanamke aliyekwenda si huyu aliyerudi. Bwana akasema ndiye. Wakabishana mbele yangu, Mama Yohana. Wakanipandisha kwenye mizani!"

"Ukawa ngapi?"

"Gunia na ratili tatu. Bwana akasema ni maji niliyokunywa Bungoma. Na kule shambani mpaka naondoka walikuwa wananiita Mama Yohana."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Kisha akacheka kidogo, akashika miguu yake, akaacha.

Siku ya nane ya mtoto nilianza kurudi. Sikungojea treni, nilitaka kuiona kutoka chini njia ile niliyoiona kutoka juu. Nilipita na kulala Kamukuywa kwa watu wa ukoo, na ile nchi niliyodhani imenyolewa ilikuwa imeanza kutoa majani membamba, kitu ambacho huwezi kukiona ukiwa juu. Ndiyo maana watu wakiniuliza umbali wa uwanja wa Kitale na ule wa Bungoma, huwajibu: anayekwenda ni nani, na anakaa na nani ndani? Kwa Bwana Filimbi ni nusu saa. Kwa Mama Rispa ni nusu saa kwenda na siku mbili kurudi. Mimi na mkwe wangu, ambao mkebe wetu ulilazimika kuzunguka kwa mzungu, hatujafika mpaka leo.

Lakini nimeruka jambo. Asubuhi ile nilipoondoka Bungoma, Mama Rispa alinisindikiza na miguu yake ileile, ambayo ni heshima kubwa, nami simnyimi. Alimbeba mtoto mpaka pale njia inapogawanyika. Hapo akasimama. Akasema, "Mama Yohana, umeshinda. Ni Khaemba. Lakini mimi pia ni nyanya yake. Liwe jina la pili basi, la pembeni, la hapa nyumbani tu wewe usiposikia. Wasike."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa amelala, ngumi mdomoni.

"Huyo alingojewa peke yake, ataitwa peke yake."

"Hata kidogo? Mama, hata akiwa analia tu?"

"Huyo alingojewa peke yake, ataitwa peke yake."